Upande Upi Uwe Mrefu: Mazungumzo Kuhusu Bobu ya Upande

Ndugu mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na ninyi kaka wachache mliojibanza kule nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie bobu ya upande, ule mkato wa nywele ambao upande mmoja unaishia karibu na sikio au shavu na mwingine unateremka mpaka chini ya kidevu, pengine hadi jirani na bega. Waandaaji walitaka niseme inamfaa mwenye uso wa umbo gani. Nitalijibu hilo, ila sitalipa muda mwingi, maana kwangu si swali la kwanza. La kwanza ni upande upi uwe mrefu. La pili ni ncha ya ule upande mrefu iishie wapi. Mkiyapatia hayo mawili, umbo la uso halitawasumbua sana. Mkiyakosea, hata ule uso wa yai, ambao kila mwalimu wa ususi husema unapokea mtindo wowote, utaonekana umekwenda kombo.

Tuanze na mikono yenu. Kila mmoja aweke kidole cha shahada chini ya ndewe ya sikio, akiteremshe taratibu hadi akutane na kona ya mfupa. Hiyo ndiyo pembe ya taya. Sasa wekeni na kidole cha pili upande wa pili, kwa wakati mmoja, mfumbe macho. Naona mnacheka. Wengi wenu mmeshagundua kwamba kona moja iko chini kidogo kuliko mwenzake, au imejitokeza nje zaidi. Mkitazama nyusi mtaona hivyo hivyo, moja imepanda. Hakuna kasoro hapo, ndivyo nyuso za watu zilivyo. Bobu ya kawaida, yenye pande mbili sawa, huchora mstari mmoja ulionyooka chini ya uso ambao haukunyooka, na jicho la mtazamaji likapata cha kulinganisha. Bobu ya upande huvunja ulinganisho huo. Ndiyo maana naipenda kwa watu wanaoamini uso wao una matatizo: mara nyingi wanachokiita tatizo ni taya moja kuzidi nyingine kwa milimita chache.

Kioo nacho kina lake. Uso unaouona kila asubuhi ukipiga mswaki umegeuzwa, na ni wewe peke yako unayeuona hivyo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walichukua picha za wanawake vijana, wakaandaa kila picha kwa namna mbili: moja kama watu wanavyomwona mhusika, nyingine iliyogeuzwa kama kioo kinavyomwonyesha. Wenye sura zao walielekea kuichagua ile ya kioo. Rafiki zao wakaichagua ile nyingine. Kila mmoja alipenda alichozoea kukiona. Sasa chukua uso huo, uongezee mtindo ambao kusudi lake zima ni pande kutofautiana. Unachokipenda kwenye kioo sicho watakachokutana nacho watu mlangoni.

Kwa hiyo uamuzi wa upande usifanyike mbele ya kioo. Mwombe mtu akupige picha, nywele zikiwa zimebanwa nyuma, uso umeelekea mbele, kamera ikiwa usawa wa macho yako. Usijipige mwenyewe, kwa sababu baadhi ya simu huigeuza picha ya kamera ya mbele na nyingine haziigeuzi, utachanganyikiwa. Halafu chukua karatasi, funika nusu ya uso kuanzia katikati ya paji hadi kidevuni, tazama nusu iliyobaki. Hamisha karatasi, tazama nusu ya pili. Aghalabu unakutana na watu wawili: mmoja mchangamfu, mwingine mkavu kidogo. Jicho la huku liko wazi zaidi, mdomo wa huku umeinuka.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanauona upande mrefu kama pambo, basi wanauweka kwenye nusu wanayoipenda. Matokeo yake wameifunika. Upande mrefu unaficha. Upande mfupi ndio unaoonyesha. Mfupi ndio unaotoa shavu, sikio, hereni, pembe ya taya na shingo. Nusu unayotaka watu waongee nayo ndiyo ipewe upande mfupi. Kama una kovu, au panja moja limepungua nywele, au sikio moja limetokeza nawe hulipendi, upande huo upewe urefu. Kama hulijali sikio lako, liache liende zake.

Lakini nywele nazo zina maoni, na usipozisikiliza zitakuja kuyasema saa kumi na mbili asubuhi unapochelewa kazini. Upande mrefu huwa ndio mzito, nao hutokana na njia iliyochanwa upande wa pili. Njia ikiwa kushoto, uzito unaangukia kulia. Mwenye nywele zilizonyooka, za mawimbi au za dawa ajipime hivi: lowesha nywele, zichane zote kwenda nyuma, kisha weka kiganja utosini uzisukume mbele kidogo. Zitajigawa zenyewe mahali fulani. Hapo ndipo njia yako ya kuzaliwa. Angalia pia pale mbele kwenye paji kama kuna kishada kinachosimama na kukataa kulala. Ukilazimisha njia ipite kinyume chake, ule upande mrefu utakuwa unafunguka katikati siku nzima, na wewe utakuwa unautia mkono kila dakika.

Ikitokea picha inasema kulia na nywele zinasema kushoto, mimi nafuata nywele. Najua kuna wenzangu watakaopinga, watasema draya na pasi ya nywele vipo kwa kazi hiyo. Vipo, kweli, lakini vinarudiwa kila siku, na nywele zinazochomwa kila siku hukatika kwanza kwenye ncha, pale pale tulipotaka mstari safi.

Kuna mambo madogo ya maisha pia. Simu unaiweka sikio lipi? Unalala ubavu upi? Upande mrefu unaolaliwa usiku kucha huamka umekunjamana. Mwenye kazi ya kuinama juu ya meza, cherehani au maabara ataona nywele za upande mrefu zinakuja mbele ya jicho analolitegemea. Mwenye miwani aje nayo saluni, avae, akae kama anavyokaa, maana mkono wa miwani unazisukuma nywele za upande mfupi nje, na kipande kilichokatwa bila miwani kitaota bawa juu ya sikio.

Tuje kwenye ncha. Mstari wa bobu hii unashuka kwa mshazari, na jicho la mtu hushuka nao hadi unapokoma. Ncha ya upande mrefu ni kidole kinachoonyesha. Inapokoma ndipo watu watakapotazama. Ikikoma penye shavu lililojaa, inatangaza shavu. Ikikoma juu ya pembe ya taya pana, inaifanya taya ionekane pana zaidi. Ikikoma sawasawa na kidevu chenye mkunjo chini yake, umeuonyesha mkunjo kwa mkono wako mwenyewe. Kanuni yangu ni nyepesi: ncha isitue juu ya kitu usichotaka kitazamwe. Ipite chini yake kwa sentimita mbili au tatu, au ikome kabla ya kukifikia.

Sasa yale maumbo mliyoyasubiri, na nitayapita haraka. Uso wa duara: ncha ishuke sentimita tatu au nne chini ya kidevu, na upande mfupi usivimbe mashavuni, ulale karibu na uso au uende nyuma ya sikio. Uso wa pembe nne: ncha iwe chini ya kona ya taya, zikatwe kwa kupunguzwa uzito ili ziingie ndani kidogo, kwa sababu mstari mkavu juu ya taya kavu ni ukali mara mbili. Uso mrefu: usishushe ncha mbali chini ya kidevu, utaurefusha zaidi, wacha upande mfupi uwe na ujazo usawa wa shavu, na nywele za mbele ziangukie paji kwa mshazari. Uso mpana juu na mwembamba kidevuni: ujazo uwe chini, usawa wa taya, na njia isichanwe mbali sana pembeni. Ni hayo tu. Wengi wenu mko katikati ya maumbo mawili, na sioni haja ya mtu kukosa usingizi akitafuta jina la uso wake.

Wengine mmesikia kipimo cha penseli na rula: unalaza penseli chini ya kidevu, unashusha rula kutoka kwenye ndewe ya sikio, na ikisoma chini ya sentimita tano na nusu hivi, eti nywele fupi zinakufaa. Kinapima jinsi taya lilivyoinama, na hilo lina maana. Mimi nakitumia kuamua tu upande mfupi ukatwe juu kiasi gani. Kumkatalia mtu bobu kwa sababu ya rula, hapana.

Shingo na mabega vinasahaulika, na pengine vina uzito kuliko umbo la uso. Nywele zikigusa bega hujikunja nje, hata uzinyooshe vipi. Mwenye shingo fupi akitaka upande mrefu wa kufika begani atapata mkia uliopinda upande mmoja. Kwake ni bora kisogo kikatwe juu zaidi, shingo ipate nafasi nyuma, na ncha ya mbele ibaki hewani, mbali na bega. Mwenye shingo ndefu ana uhuru mkubwa, na ningekuwa yeye ningeutumia.

Jambo hili la kukata kwa kufuata mifupa halikuanza jana. Mwaka 1963 huko London, msusi Vidal Sassoon alimkata mwigizaji Nancy Kwan nywele zake ndefu, akazifanya fupi kisogoni na ndefu kuelekea kidevuni, na picha zake zikasambaa. Kabla ya hapo mteja wa saluni alizoea kuwekewa roli, kukaa chini ya draya, kisha kupuliziwa dawa ya kugandisha. Sassoon alitaka mkato wenyewe ufanye kazi yote, nywele zioshwe, zitikiswe na zirudi mahali pake. Katika miaka hiyo hiyo akafanya na mikato ambayo kulia na kushoto havilingani. Miaka ya 1980 wakaja Salt-N-Pepa, kundi la wanawake wa rap wa Marekani, na hadithi yao naipenda: Pepa mwenyewe ameeleza kwamba nywele za upande mmoja ziliharibiwa na dawa, upande huo ukabidi unyolewe, na kilichobaki kikawa mtindo ulioigwa na vijana wengi. Mwaka 2007 mwimbaji Rihanna akaurudisha upande mrefu mbele ya jicho, na nadhani hakuna msusi aliyekuwa kazini wakati ule ambaye hakuletewa picha ile.

Picha hizo mlete, hazina ubaya, zinatuokolea maneno. Lakini kuna mtego. Aliye kwenye picha amekuelekea wewe, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwa picha. Kwenye kioo, kushoto kwako kunabaki kushoto. Ukiiweka picha kando ya kioo na kusema “nataka kama hivi”, ukalinganisha kwa jicho, utaondoka na mkato uliogeuka. Njia ya salama ni kushika sikio lako kwa mkono na kusema: mrefu uwe huku. Msusi naye aliguse sikio hilo hilo kabla hajachukua mkasi.

Na katika picha nyingi hizo nywele zimenyooshwa. Sasa nizungumze na wenye nywele za kipilipili na za mizunguko, maana ndio wanaodanganywa zaidi na mtindo huu. Nywele zilizojikunja sana zinapokauka hurudi juu, zikapoteza zaidi ya nusu ya urefu wake, na zipo zinazopoteza hadi robo tatu. Fanyeni hesabu. Umezinyoosha kwa draya, msusi akakupa tofauti ya sentimita sita kati ya pande mbili, ukafurahi. Ukiziosha, zikarudi theluthi mbili, tofauti inabaki sentimita mbili. Hapo mtu hasemi “bobu ya upande”, anasema umekatwa vibaya. Chini ya sentimita mbili na nusu tofauti haijitetei, macho yanaiona kama mkasi uliteleza.

Basi nywele zikatwe katika hali ile ile utakayozivaa. Kama utazivaa na mizunguko yake, zikatwe kavu, mzunguko kwa mzunguko, na msusi asitafute mstari, atafute ujazo: upande mmoja uwe na umbo linaloshuka, mwingine uwe umebana karibu na kichwa. Inapendeza sana, na kwangu ina uhai kuliko ile iliyonyooka. Kama utazivaa zimenyooka, zinyooshwe kwanza, ndipo zikatwe. Kinachonikera ni mtu kutiwa dawa kwa ajili ya mkato tu. Dawa ya kunyoosha huvunja viunganishi vilivyo ndani ya unywele, na havirudi. Utasubiri nywele mpya. Kama hukuwa na nia ya kuwa na nywele za dawa kabla ya leo, bobu isiwe ndiyo sababu.

Hata nywele zilizonyooka, ukizikata mbichi, hupanda kidogo zikikauka, kwa sababu maji yalikuwa yamezivuta. Zile nyembamba zinataka mstari mzito uliokatwa moja kwa moja, zisipunguzwe ncha, la sivyo zitaonekana zimechoka. Zile nzito zinataka kupunguzwa uzito kwa ndani, chini ya tabaka la juu, vinginevyo upande mrefu unavimba chini kama pembetatu.

Na wale ambao miaka ya rasta za kukaza na wivingi imewapunguzia nywele kwenye panja: mtindo huu ni rafiki yenu, mradi upande mrefu uangukie juu ya panja hilo bila kuvutwa wala kubanwa kwa pini. Nywele zikiwa zinaendelea kurudi nyuma, daktari wa ngozi kwanza, mkasi baadaye. Kunyonyoka kwa kuvutwa kukiwahiwa nywele hurudi. Kukichelewa, vinyweleo hufa.

Asiye na uhakika ajaribu kwa wigi. Chukua wigi kuukuu, livae kichwani mwako, likatwe ukiwa umelivaa. Likikatwa juu ya kichwa cha plastiki halitakuambia chochote, kwa sababu kichwa hicho hakina mabega yako. Wigi la nyuzi za kutengenezwa halichezi kama nywele, lakini kwa kujua urefu na upande linatosha. Tembea nalo nyumbani, kula nalo, ongea na watu.

Siku ya kukatwa yenyewe, miguu yote miwili chini. Hilo nalisema kwa msisitizo. Mtu akipandisha mguu mmoja juu ya mwingine, nyonga inapanda, bega linashuka, na mstari wa mshazari unakatwa juu ya mwili uliopinda. Akisimama, mshazari umebadilika. Kola ishushwe, kidevu kiwe sawa. Ninyi wasusi, upande mrefu uachieni ziada ya sentimita mbili, zikausheni nywele, halafu mwombeni mteja asimame na avae viatu vyake. Ncha inatua kwingine mtu akiwa amesimama, na maisha yetu mengi tunaonekana tumesimama. Hapo ndipo mmalizie.

Nimalizie na kukua. Nywele huongezeka sentimita moja au zaidi kidogo kwa mwezi, pande zote mbili sawa. Watu hudhani upande mfupi utaufikia mrefu. Hauufikii ng'o, tofauti inabaki ile ile, vyote vinashuka pamoja. Baada ya miezi miwili ncha iliyokuwa chini ya kidevu imeshafika shingoni, na kile kisogo kilichokatwa juu kimeshaanza kugusa kola. Kwa hiyo rudi kila baada ya wiki sita hadi nane kama unataka umbo libaki. Ukiuchoka mtindo, njia ni mbili: ukate mrefu ulingane na mfupi, umalize siku hiyo hiyo, au uache mfupi ukue huku ule mrefu ukipunguzwa kila mwezi mahali pake. Tofauti ikiwa sentimita sita, njia ya pili ni karibu nusu mwaka, na miezi miwili ya katikati utavaa vilemba vingi.

Haya, dada wa miwani hapo mstari wa pili, mkono umekuwa juu muda mrefu. Uliza.